Kukokotoa namba ya Chern ya wavu wenye usumaku kwa Python

Mwaka 2020, kipande cha MnBi2Te4 (fuwele yenye usumaku wake yenyewe) chenye tabaka tano kilipopozwa hadi kelvini 1.4 kilionyesha ukinzani wa Hall (volteji ya upande ikigawanywa kwa mkondo) unaokaribia h/e², yaani omu 25,812.8 (h ni kitu thabiti cha Planck, e ni chaji ya elektroni), bila uga wa sumaku kutoka nje. Nyuma ya thamani hiyo ipo namba kamili moja: namba ya Chern, C, inayohesabu jinsi mawimbi ya elektroni yanavyojisokota katika bendi (ngazi ya nishati) iliyojaa; ukinzani huo ni h/(C·e²). Tutaikokotoa kwa modeli ya Haldane (1988), mfano rahisi wa wavu wenye bendi mbili. Kompyuta mpakato yenye NumPy inatosha.

Hatua 1: Hamiltoniani. Wavu ni wa umbo la sega la asali, wenye atomi mbili, A na B, katika kila seli. Hamiltoniani, yaani matriksi ya nishati H, ni ya 2×2 kwa kila jozi ya k1 na k2 (pembe za wimbi la elektroni katika pande mbili za wavu):

H_AB = t1·(1 + e^(−i·k1) + e^(−i·k2))
H_AA = M + 2·t2·sin φ·(sin k1 − sin k2 − sin(k1 − k2))
H_BB = −H_AA

H_BA ni konjugati ya H_AB. t1 ni nguvu ya mruko wa elektroni kwenda atomi jirani, t2 kwenda atomi ya pili yake, na M ni tofauti ya nishati kati ya A na B. Pembe φ, fezi ya mruko wa t2, ndiyo inayobeba usumaku; ikiwa sifuri, C nayo ni sifuri. Sehemu ya cos φ tumeiacha, maana hupandisha bendi zote mbili sawasawa. Usiingize nafasi za atomi ndani ya kipeo: H lazima ijirudie ileile k1 au k2 inapoongezeka kwa 2π.

Hatua 2: Pengo kwanza, yaani tofauti kati ya nishati mbili za H. Weka t1 = 1, t2 = 0.1, φ = π/2, M = 0.2. Kwenye k1 = 2π/3, k2 = 4π/3 na kwenye pacha wake (4π/3, 2π/3), mapengo yawe 1.44 na 0.64. Yasipotoka hivyo, rudi hatua ya 1.

Hatua 3: Vekta. Gawa 0 hadi 2π kwa N = 24 kila upande, kwa k1 na kwa k2. Kila nukta tumia `E, v = np.linalg.eigh(H)`, uhifadhi `v[:,0]`, yaani vekta ya bendi ya chini. Usitumie `eig`, kwani haipangi nishati kwa mfuatano. Na ukichukua `v[0]` umechukua mstari badala ya safu wima.

Hatua 4: Zunguka kila kijiraba. Kwa vekta za pembe zake nne a, b, c, d, zikifuatana kwa mzunguko:

`F = np.angle(np.vdot(a,b)*np.vdot(b,c)*np.vdot(c,d)*np.vdot(d,a))`

Faharasa ya jirani iwe `(i+1)%N`. Jumlisha F zote, gawa kwa 2π. Jibu ni 1 au −1, kutegemea upande uliozungukia.

Ukipata 0.87 au kitu cha namna hiyo, umetumia `np.dot`, isiyochukua konjugati, au umeacha safu ya mwisho ya vijiraba. Lakini kosa baya zaidi halionekani hivyo. Njia hii, ya Fukui, Hatsugai na Suzuki (2005), hutoa namba kamili *hata ikiwa si sahihi*, kwa sababu kila ukingo huhesabiwa mara mbili kwa pande kinyume na hufutika, zikibaki 2π nzima tu. Hivyo chapisha pia |F| kubwa kuliko zote. Ikikaribia π, ongeza N mara mbili, kisha mara mbili tena. Hutokea hasa pengo linapokuwa dogo, mfano M = 0.5, ambapo limebaki 0.04.

Hatua 5: Jaribu. M = 0.8 itoe 0, kwa kuwa mpaka ni 3√3·t2 ≈ 0.52. φ = −π/2 igeuze alama ya C.

Bendi zilizojaa zikiwa nyingi, kama katika modeli ya Wannier (inayojengwa kutoka hesabu za nishati za fuwele halisi) ya MnBi2Te4, badilisha kila `vdot` kwa ditaminanti ya matriksi ya `vdot` kati ya vekta zote zilizojaa za nukta mbili jirani. Bendi zikigusana zenyewe chini ya pengo, haidhuru.