Masaa manne bandarini: kwa kijana wa Dar anayekwenda kufanya kazi meli za kitalii

Kwenye meli ya kitalii hakuna siku ya off. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza hapa Temeke wanadhani mtu anapiga kazi siku sita, ya saba anavaa raba anakwenda kutembea Ulaya. Mimi ni mhudumu wa kabini. Natandika vitanda na kusafisha vyumba vya abiria, na mkataba wangu unasema siku saba kwa wiki, miezi mfululizo, mpaka siku ya kushuka. Tunachopata ni masaa. Namaliza vyumba vya asubuhi saa sita na nusu mchana, natakiwa kazini tena saa kumi na moja na nusu jioni, na katikati hapo meli imefunga gati Napoli, Italia. Toa nusu saa ya kuoga na kushuka, toa nusu saa ya kurudi na kuvaa sare. Yanabaki manne.

Masaa manne ni mengi, mdogo wangu, kama umejipanga.

Lakini kwanza upande hiyo meli. Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu hayana siri. Pasipoti ni shilingi 150,000. Mafunzo ya usalama wa baharini, yale yanayodaiwa na mkataba wa kimataifa wa STCW, unayapata pale DMI, Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Unafundishwa kuzima moto, huduma ya kwanza, namna ya kujiokoa majini, na wajibu wako kwa wenzako melini. Cheti cha afya ya baharia kinakaa miaka miwili tu, halafu unapimwa upya. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, unayo maisha yote ukishachanjwa. Ukipangiwa meli inayogusa Marekani utahitaji viza ya mabaharia inayoitwa C1/D, na kampuni itakupa barua ya kuombea. Kama hujawahi kufanya kazi hotelini, tafuta kwanza mwaka au miwili ya hoteli ya maana hapa mjini, au upite Chuo cha Taifa cha Utalii. Wanaokufanyia usaili hawapotezi muda: watakuuliza umesafisha vyumba vingapi kwa zamu na kwa dawa zipi.

Kwenye somo la kujiokoa utaruka majini ukiwa umevaa boya, na utapanda chelezo cha kuokolea ukiwa umelowa na mwili mzito. Kama maji unayaogopa, usisubiri siku ya mafunzo. Nenda Kigamboni asubuhi bahari ikiwa imetulia, na mtu anayejua kuogelea, uzoee. Na king'ora cha dharura kishike tangu sasa: milio saba mifupi, mmoja mrefu. Ukikisikia unaacha kila kitu.

Kuhusu pesa za wakala nitasema kwa nguvu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kulipia ni pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya. Viza si mzigo wako. Kwa hiyo mtu akikukalisha kwenye ofisi ya kukodi Kariakoo akakuambia leta milioni mbili nikuunganishe, ondoka. Ulizia TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, kama wakala huyo anatambulika kabla hujampa hata nakala ya pasipoti. Mitaa yetu inawakumbuka kaka zetu waliozamia meli za mizigo pale bandarini, wengine wakaishia kulala chini ya madaraja ya Cape Town, wengine hatukuwasikia tena. Inaniuma kuona kijana mwenye nguvu na lugha anauza kiwanja cha mama yake kumpa tapeli. Nataka upande kwa ngazi, mchana, jina lako likiwa kwenye orodha ya mabaharia.

Sasa zoezi ambalo hakuna chuo kitakupa. Kabla hujaondoka, fanya masaa manne ya bandari hapa hapa Dar. Jifanye umeshuka melini Feri saa saba mchana na unatakiwa urudi saa kumi na moja kamili. Pakua ramani ya mji kwenye simu, kisha zima data. Pita Kivukoni uone Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa yaliyojengwa enzi za Wajerumani. Ingia Samora uisimamie Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, usome maandishi yake ya Kiswahili. Nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Watu wanapita Posta miaka yote bila kuingia humo. Ukitoka hapo tembea kwa mguu mpaka Kariakoo, kula, nunua kitu kimoja ulichokusudia, rudi Feri.

Ukimaliza utajua mwendo wako: kilomita moja inakuchukua dakika ngapi kwenye jua, ukikaa kula inakula muda gani, unachelewa wapi. Mimi nilijikuta nachelewa madukani, kwa hiyo bandarini duka naliweka mwisho, karibu na geti. Rudia zoezi hilo mpaka urudi Feri ukiwa na nusu saa mkononi bila kukimbia.

Ukiwa Kariakoo nunua saa ya mkononi ya kawaida, isiyotumia mtandao. Meli ina saa yake. Mara nyingine inalingana na ya mji, mara nyingine imetangulia au imechelewa kwa saa nzima, na simu ikishika mtandao wa nchi inajibadilisha yenyewe. Saa ya mkono inabaki na saa ya meli. Muda wa mwisho wa wafanyakazi kurudi unabandikwa karibu na mlango wa kushukia, na unakuja mapema kuliko wa meli kuondoka. Uandike kwenye kiganja kama huna karatasi.

Haya, melini. Kushuka kunaanza jana yake usiku. Kwanza angalia kama kesho ni zamu yako ya kubaki. Kila bandarini sehemu ya wafanyakazi lazima wabaki ndani kwa ajili ya dharura, na majina yanapangwa kwa zamu. Ikiangukia kwenye bandari unayoitamani, tafuta mapema mwenzako mwenye majukumu ya dharura kama yako mbadilishane, na msimamizi aridhie. Usimwendee asubuhi. Mfuate siku mbili kabla, na wewe umbebee zamu yake siku nyingine bila kunung'unika. Kwenye kabini za chini huko watu wanakumbuka nani analipa deni.

Pili, lala. Sheria inakupa angalau masaa 10 ya kupumzika ndani ya kila masaa 24, na 77 kwa wiki. Yanaweza kugawanywa vipande viwili, kimoja kisipungue masaa sita. Hicho cha sita ndicho kitanda chako. Ukikimalizia kwenye baa ya wafanyakazi, mchana utaiona Napoli kupitia tundu la kabini. Na ukiona umechoka kweli, usishuke. Baki ulale. Bandari hiyo meli itairudia, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, maana njia zake zinajirudia.

Tatu, vitu vya kubeba ni vichache: kitambulisho cha meli, nakala ya pasipoti (yenyewe inakaa ofisini kwao), maji, euro za noti ndogo, na namba ya simu ya wakala wa bandari, yule anayeiwakilisha meli pale bandarini. Viatu viwe vya kutembelea, vile vile ulivyofanyia zoezi la Feri.

Kuna jambo la Ulaya ambalo wengi hawaambiwi. Baharia asiye na viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, huruhusiwa kushuka na kukaa mji wa bandari na miji inayopakana nao. Hapo ndipo ruhusa inapoishia. Meli inayotangazwa kwa abiria kuwa inakwenda Roma inafunga Civitavecchia, na Roma yenyewe iko karibu saa nzima kwa treni. Kabla hujapanda hiyo treni, ulizia ofisi ya wafanyakazi karatasi zako zinakufikisha wapi. Marekani ni tofauti: bandari ya kwanza hushuki mpaka afisa wa uhamiaji amemaliza na mabaharia, na hapo asubuhi inaweza kuisha.

Chagua bandari kulingana na masaa yako. Napoli ni ya masaa manne hasa, kwa sababu gati liko mjini kabisa, ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako ukivuka barabara. Napenda kupita Via Toledo, kupanda treni ya mlimani pale Augusteo mpaka Vomero, na kutembea kidogo hadi chini ya Castel Sant'Elmo. Kutoka huko unaona ghuba yote na mlima Vesuvius, ule uliofunika mji wa kale wa Pompeii mwaka 79 na ukalipuka mara ya mwisho 1944. Nikishuka nakula pizza ya margherita nikiwa nimesimama, nanunua kahawa ya kumeza mara mbili, narudi. Pompeii yenyewe usiiguse kwa masaa manne, inataka siku.

Kotor, kule Montenegro, meli inasimama mbele ya kuta za mji wa kale. Ngazi za kwenda ngomeni ni kama 1,350, na miguu yangu ya korido inazipanda vizuri. Piraeus, bandari ya Athens kule Ugiriki, nayo nzuri: treni ya mstari wa kijani inakufikisha Monastiraki katikati ya Athens, na ukipanda mwamba wa Areopago, ambao hauna kiingilio, Akropoli, ngome ya kale ya mji huo, iko usoni pako. Barcelona kuna soko la Boqueria, ila Jumapili limefungwa. Na kama Barcelona ndiyo bandari ya kubadilisha abiria, isahau siku hiyo, maana wa kabini tunageuza vyumba vyote kati ya asubuhi na mchana.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, sikushauri ukiwa na masaa machache. Maji ni ya kina kirefu, meli haifungi gati, watu wanashushwa kwa boti ndogo na abiria wanatangulia. Ukifika ufukweni bado una foleni ya gari la kebo au ngazi zaidi ya 500 za kupanda. Subiri siku utakayopewa mchana mzima.

Siku nyingine hutaki kuona chochote, unataka sauti ya mama. Tafuta kituo cha mabaharia. Mission to Seafarers, shirika la kanisa linalohudumia mabaharia, wapo bandari zaidi ya 200, Stella Maris nao wapo nchi nyingi, na Port Everglades kule Florida kuna Seafarers' House. Mara nyingi utapata intaneti, kiti, na mtu wa kukusikiliza bila kukuuliza dini yako. Nimewaona wenzangu wakilia humo na kutoka wepesi.

Kurudi, weka saa nzima ya ziada kama umepanda treni au basi. Usibebe matunda wala nyama, nchi nyingi hazitaki na watakunyang'anya. Usinywe, kwa sababu kipimo cha kilevi kinaweza kukukuta ngazini na mkataba ukaishia hapo. Ikitokea umechelewa na meli unaiona inaondoka, usikimbilie mjini. Nenda geti la bandari, mpigie wakala wa bandari, mpe jina na namba yako ya wafanyakazi. Yeye ndiye anayewasiliana na meli na uhamiaji. Ukijificha unahesabiwa mtoro, na viza inayofuata hutaipata kirahisi.

Weka daftari. Kila bandari andika gati lilikuwa wapi, basi gani, bei gani, choo kiko wapi, ulitumia dakika ngapi. Ukija kuomba mkataba wa pili utakuwa na la kusema: omba meli yenye njia ndefu isiyojirudia kila wiki, na uulizie kama kuna bandari inazolala usiku. Bandari ya kulala ina usiku na asubuhi yake, na kwa mtu wa kabini hayo ni masaa ambayo hujawahi kuyapata.