Ikamate Sentensi Inayokunyima Usingizi Unapouguza

Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mkono na mguu wa kulia haviinuki, maneno humtoka kwa taabu, na cherehani yangu imehama kutoka barazani hadi chumbani kwake, hapa Makorora, Tanga. Kazi ya mikono niliizoea upesi: kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumkalisha wima kabla ya uji asipaliwe. Kichwa changu mwenyewe ndicho sikujua nikifanyeje.

Kwetu mtu akisononeka tunasema "ana mawazo". Usemi huo una kweli ndani yake. Kufua mashuka kulinichosha mwili, lakini usingizi uliibwa na sentensi nne tano zilizojirudia kila usiku.

Kwa hiyo anza kwa kuzikamata. Weka daftari la shule karibu na dawa. Kifua kikibana, andika maneno yaleyale yaliyokupitia kichwani, usiyapambe. "Najisikia vibaya" haitoshi, huwezi kuihoji. Mimi niliandika: "Mama ameumia kiunoni kwa sababu nililala. Mimi ni mtoto mbaya."

Ihoji asubuhi, ukishakunywa chai. Usiku kila shutuma huonekana kweli. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika yaliyotokea: nilipitiwa na usingizi tangu saa sita hadi saa kumi na moja, ngozi ya kiunoni imebadilika rangi na ina joto, haijachubuka. Kulia nikaandika niliyoyaongeza mwenyewe: "mtoto mbaya". Upande wa kushoto ulikuwa na kazi ya kunipa: nimlaze ubavu wa pili, pasiguswe na godoro, nimwonyeshe muuguzi siku hiyohiyo. Ule mwingine haukuwa na kazi yoyote. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, alianza kujenga tiba yake ya mazungumzo katika miaka ya 1960 juu ya jambo hili, kwamba fikra zinazojileta zenyewe zinaweza kupimwa kama dai lolote lingine.

Iliyonitesa kuliko zote ilianza na "lazima". Lazima nimwogeshe mimi, lazima nilale naye mimi, nikichoka nitakosa radhi yake. Ukiona "lazima" daftarini, jiulize nani alikuagiza. Mimi nilimuuliza mama mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono wake mzima. Alihangaika na ulimi muda mrefu, kisha akasema neno moja: "Lala."

Halafu kuna kumsemea mtu moyoni mwake. Niliandika kuhusu mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam: "Hapigi simu, hamjali mama." Dawa yake ni kuuliza, na ukiomba msaada, taja kitu na siku. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nataka pampasi za mwezi mzima, zipande basi kila tarehe 28." Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, naogopa kumsikia anavyoongea sasa." Pampasi zinafika.

Utabiri upime kidogo kidogo. Nilikuwa na hakika nikitoka tu mama atakata roho. Niliandika hivyo kabla ya kwenda sokoni dakika 20, binti wa jirani akabaki naye. Niliporudi nikaandika nilichokuta: mama kalala. Wiki iliyofuata nikatoka saa nzima. Anayebaki afundishwe kwanza, na awe na namba yako ya simu.

Si kila wazo linaloumiza ni la uongo. "Pesa haitoshi" kwangu ni kweli tupu, na daftari haliongezi senti; hilo liitie kikao cha ndugu. Na huzuni ikishika wiki mbili mfululizo, au likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru unayemuuguza, usingoje daftari. Mwambie mtu leo hii, na uende hospitali ueleze hivyohivyo. Wengi wetu wanaouguza tumewahi kutamani yaishe, tukaona aibu kusema.

Siku hizi Alhamisi saa kumi nakwenda Raskazone, nakaa na bahari kwa saa mbili. Juzi nilirudi nikakuta uji umemwagika kwenye khanga, mto umewekwa kinyume, na mama anamcheka binti wa jirani kwa ule upande wa uso unaocheka.