Kabla hujaiacha skripti ikimbie usiku

Chukua skripti inayojumlisha kilo za majani mabichi ya chai kutoka vituo vya Rungwe. Wewe uko Mbeya, seva iko Dar es Salaam, kazi inaanza saa nne usiku, na asubuhi karani wa Tukuyu anataka faili lake. Kabla hujabonyeza enta na kwenda kulala, hakikisha unajua kila inachotoa skripti hiyo kinaishia wapi.

Kwenye Linux, ndani ya bash (programu inayosoma na kutekeleza amri zako), amri hutolea kwenye njia mbili: namba 1 ya matokeo na namba 2 ya makosa. Kwenye teminali zote mbili huishia skrini ileile, ndiyo maana wengi hudhani ni moja. Ukiandika `bash jumlisha.sh > uzito.csv`, ni namba 1 tu iliyohama. Makosa yanaendelea kumwagika kwenye skrini isiyo na mtu. Andika `> uzito.csv 2> makosa.log`. Ukitaka vyote faili moja, ni `> yote.log 2>&1`, kwa mpangilio huohuo. Ukigeuza, yaani `2>&1 > yote.log`, makosa yatabaki kwenye skrini: bash husoma kutoka kushoto, na 2 ilipoambiwa iende iliko 1, 1 ilikuwa bado inaelekea skrini. Mimi sishauri kuvichanganya kama faili linaenda kwa karani. Mstari wa kosa katikati ya safu ya kilo huharibu jumla bila mtu kushtuka.

Alama `>` yenyewe iogope. Bash hufuta yaliyomo kwenye faili kabla amri haijaanza, kwa hiyo `sort uzito.csv > uzito.csv` inakuachia faili tupu, na data ya msimu mzima imekwenda. Tumia `sort -o uzito.csv uzito.csv`. Weka pia `set -o noclobber`, ili `>` ikatae kugusa faili lililopo. Ukikusudia kweli, andika `>|`. Kwa logi (faili la kumbukumbu za kazi), `>>`, inayoongeza mwishoni bila kufuta, inatosha. Jina la faili lipe tarehe, `uzito-$(date +%F).csv`, na mafaili yatajipanga yenyewe kwenye folda.

Ukitaka kuona na kuhifadhi kwa pamoja, `tee` ipo, ila ina ujanja wake: `bash jumlisha.sh | tee kazi.log` hurudisha hali ya `tee` (kufaulu au kushindwa kwake), si ya skripti, hata kama skripti imeanguka. Tanguliza `set -o pipefail`, ili kushindwa kwa skripti kusifichwe.

Wanaotumia Python wajue kwamba `print` ikielekezwa kwenye faili hujikusanya kwanza kwenye kumbukumbu. Logi inaweza kuonekana tupu kwa muda mrefu na kazi inaendelea vizuri tu. Mtu asiyejua anaiua. `python3 -u` inaandika papo hapo.

Halafu umeme. Mvua za Mbeya zikianza, ruta inazimika muda wowote, na SSH (muunganisho wako na seva) ikikatika kazi uliyoianzisha hivihivi hufa nayo. Ianzishe kwenye seva ndani ya `tmux`, teminali inayoendelea hata ukikatika, na asubuhi `tmux attach` itakurudisha pale pale. `nohup`, inayozuia kazi isife muunganisho ukikatika, nayo inafaa, ila usipoielekeza itakurundikia kila kitu kwenye `nohup.out`.

Mwisho piga `df -h` uone nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikijaa usiku wa manane, faili la kilo litakatikia njiani, na huenda hata `makosa.log` ikakosa nafasi ya kukueleza kilichotokea.