Kidonda cha kisukari mguuni: mmea upake wapi, na wapi uuache

Mimi ni muuguzi, kazi yangu kufunga vidonda. Wenye kidonda cha kisukari mguuni wengi hunifikia wameshapaka kitu: ute wa mshubiri, mwarobaini uliotwangwa, asali, manjano. Siwalaumu, maana mimea ina dawa kweli. Mwaka 2021 Taiwan iliidhinisha krimu ya vidonda hivi iliyotokana na mimea miwili, Plectranthus amboinicus na Centella asiatica. Katika utafiti wake, ndani ya wiki 16, kidonda kiliziba kabisa kwa wagonjwa 61 hivi kati ya kila 100. Kwa waliofungwa bendeji ya kunyonya majimaji, kiliziba kwa 35 hivi kati ya kila 100.

Lakini krimu ile imechujwa, imepimwa, haina vijidudu. Jani la uani limepitiwa na kuku, kisha likatwangwa kwenye kinu cha vitunguu. Mguu wenye ganzi, ambao damu haiufikii vizuri, hauwezi kupambana na uchafu huo, na mwenyewe hasikii maumivu ya kumshtua. Tena mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 unakataa kufunga vidonda kwa asali au mitishamba kwa nia ya kuviponya.

Kwa hiyo anza na kuuondolea mguu uzito. Hili ndilo ninalolirudia hadi wagonjwa wanachoka nami. Kidonda cha kwenye wayo hakifungi kikikanyagiwa, hata upake nini. Mama apike amekaa, ndoo ya maji isogezwe karibu, watoto watumwe dukani. Kliniki iulizwe kuhusu kiatu maalumu au plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, ya kuupumzisha wayo. Ndala na kutembea peku, hapana.

Kuosha: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kisawazishwe, funika yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Mwagia taratibu, kausha ngozi ya pembeni kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), funika kwa gozi nyingine. Usitie spiriti, wala usikate sugu kwa wembe. Sugu na nyama iliyokufa tuachie sisi. Ubadilishe mara ngapi, fuata ulivyoelekezwa na anayekufunga.

Sukari nayo ishuke, la sivyo kidonda kinasuasua. Hapa kuna hatari nyingine: mlonge au karela (tunda chungu) ukinywa juu ya glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ukitokwa jasho na kutetemeka, pima; huna kipimo, kunywa soda yenye sukari mara moja. Dawa ya hospitali usiiache.

Mmea una nafasi yake kwenye ngozi nzima. Mafuta ya nazi yanalainisha kisigino kikavu kabla hakijapasuka. Paka jioni, ila katikati ya vidole pabaki pakavu. Kila siku kagua nyayo kwa kioo, au mwite mjukuu mwenye macho mazuri.

Ukiona wekundu unapanda, usaha, harufu, homa au kidole kinageuka cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Ukifika, mtajie muuguzi mmea uliopaka na ulivyoutayarisha. Hakuna wa kukugombeza. Tunahitaji kujua tunaosha nini.