Kuonja waini nyekundu kilimani na kutoa maksi bila kudanganywa na upepo

Mwangaluka wadau. Tangu nirudi kutoka Dodoma watu wananiuliza, eti ukialikwa kwenye shamba la zabibu la kilimani kuonja waini unafanyaje usionekane mshamba, na jibu langu ni lile lile, achana na kuonekana mshamba, we hangaika na kile kilima maana kilima ndo kinadanganya watu.

Mi kilinidanganya vizuri tu. Tulipandishwa juu saa kumi na moja jioni, jua limelegea, upepo unapuliza, chini unaona mizabibu imepanga mistari mpaka macho yanachoka, mwenyeji mcheshi balaa, na mi nilikuwa nimevaa pafyumu kama naenda harusini. Kufika glasi ya nne nikaipa waini moja 18 kati ya 20, nikanunua chupa mbili nikapanda nazo treni mpaka Tabora. Wiki tatu baadae nikaionja nyumbani imeviringishwa gazeti pamoja na nyingine nne, sijui ipi ni ipi, nikaipa 11. Waini ni ile ile na mdomo ni ule ule, kwa hiyo maksi 7 zote nilikuwa nimeupa upepo.

Sasa nakuelekeza ninavyofanya siku hizi, na haya yote unaweza kuyafanyia mazoezi hapa hapa Tabora uani kwako kabla hujapanda kilima cha mtu.

Siku ya kuonja usipake pafyumu wala losheni yenye harufu kali, usivute sigara, na usile kitu cha pilipili au kitunguu kibichi masaa mawili hivi kabla. Ila kula. Tumbo tupu na waini sita ni hadithi ambayo watakusimulia wenzako kesho yake. Kula kitu chepesi, beba maji ya kutosha na mkate mkavu wa kusafishia mdomo kati ya glasi na glasi. Jibini na karanga watakazokuletea kule juu usiguse mpaka umalize kuandika maksi, mafuta na chumvi vinaficha ukali wa waini na kila kitu kinakuwa kitamu ghafla. Na usafiri panga mapema, hamna cha kushuka kilima na pikipiki yako mwenyewe eti ulikuwa unaonja tu.

Glasi iwe ya kioo kisicho na rangi, tumbo pana mdomo umebana kidogo ili harufu ikae ndani isikimbie. Vikombe vya plastiki hapana kabisa, na glasi iliyokaa kabatini inuse kwanza ikiwa tupu maana huwa inanuka kabati au sabuni, halafu unakuja kuisingizia waini.

Halafu joto. Utasikia waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumbani, sawa, ila hicho chumba ni cha Ulaya sio cha Tabora mwezi wa kumi! Waini nyekundu inataka nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Ikifika 28 kilevi kinatangulia puani, matunda huyasikii, ladha inalegea. Ikigandishwa sana nayo harufu inajifunga na ukakasi unazidi. Mi naweka kwenye friji kama saa moja na kidogo kabla ya kufungua, na umeme ukikatika naizamisha kwenye ndoo ya maji ya mtungini, au naifunga kitambaa kilicholoa naiweka penye upepo, ile akili ya bibi ya kupoza maji inafanya kazi hata kwa waini. Kule kilimani ukiona chupa imesimama mezani juani, omba kwa adabu waisogeze kivulini, wenyeji waelewa hata hawakasiriki.

Sasa hapa ndo penyewe: ficha chupa. Mwambie mtu mmoja asiyeonja aviringishe kila chupa gazeti, aandike namba tu, na asikae anatabasamu wakati unaonja. Hii sio mbwembwe. Mwaka 1976 kule Paris, Mwingereza mmoja muuza waini, Steven Spurrier, aliwaonjesha majaji tisa wa Kifaransa waini bila kuwaonyesha lebo, za kwao Ufaransa zimechanganywa na za California, maksi kati ya 20. Kwenye nyekundu ikaongoza ya Marekani, Stag's Leap ya 1973, ikapita majina makubwa ya Bordeaux, ile sehemu ya Ufaransa yenye sifa ya waini, na majaji walikuwa wataalamu haswa sio watu wa mtaani kama sisi. Ila kilichonifurahisha zaidi ni Ridge Monte Bello ya 1971, nayo ya California, hiyo zabibu zake zinalimwa mlimani, siku ile ikashika nafasi ya tano, waliporudia mwaka 2006 baada ya miaka 30 ikawa ya kwanza. Kwa hiyo ukitoa maksi jua umetoa za leo, andika na tarehe.

Kilimani huwezi kufika na magazeti yako ukaanza kufunga chupa za watu, naelewa. Kule fanya hivi, unywe umeipa mgongo ile mandhari. Kweli kabisa, geuka uangalie ukuta. Na andika maksi zako kabla mwenyeji hajaanza kueleza utaonja nini, akishasema "hii ina harufu ya vanila" imeisha hiyo, utaisikia vanila hata kwenye maji.

Mpangilio ni nyepesi kwanza nzito baadae, kavu, yani isiyo na utamu, kabla ya tamu. Hii ya mwisho kwetu ni muhimu maana waini nyingi za Dodoma zinazofika madukani huku ni tamu, ukianza nazo basi ile kavu inayofuata utaiona kama dawa. Sita zinatosha kwa siku. Mimina kidogo, mililita 40 au 50, chupa moja ya 750 inawatosha watu 15 hivi, na uteme. Ndio, uteme, waweke ndoo. Mwanzoni tuliona aibu, jirani yangu mwalimu akasema kutema pombe ya hela ni dhambi, akameza zote, maksi zake za glasi ya tano na ya sita zilikuwa hazisomeki.

Macho usiyape muda mrefu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingoni, rangi ya zambarau maana yake waini changa, ikielekea rangi ya tofali imekaa miaka, na kama ni changa ila ishakuwa kahawia basi hewa iliingia au ilipigwa joto mahali. Ukungu peke yake sio kosa, wengine hawachuji makusudi.

Puani ndo ukae. Nusa kwanza bila kutikisa, halafu zungusha glasi mara tatu nne unuse tena, utashangaa ni kama umebadilishiwa glasi. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu vitabu vinasema bluberi sijui mti wa seda, vitu ambavyo hujawahi kuvishika, unabaki unaitikia tu. Achana navyo, tumia pua ya Tabora. Sisi tuna zambarau, ile nyeusi inayopaka ulimi rangi, tuna ntalali, yale matunda ya porini, zilizoiva zikaanguka chini zikaanza kukunjamana, harufu hiyo ya tunda jeusi lililokauka kidogo imejaa kwenye waini nyekundu nzito. Tuna tumbaku. Aliyewahi kupita karibu na mabani ya kukaushia tumbaku wakati majani yanakauka ana msamiati ambao watu wa mijini wanaulipia ada, maana harufu ya jani kavu la tumbaku ni sifa kabisa kwenye waini iliyokaa muda. Nta ya mzinga, moshi wa kulinia asali, ngozi ya viatu vipya, pilipili manga, udongo mvua ya kwanza ikigusa, vyote hivi viandike hivyo hivyo. Kwenye kikundi chetu cha kuonja mwenye pua kali kuliko wote ni mzee mmoja muuza asali, waini hanywi kabisa, ananusa tu anarudisha glasi, lakini akisema namba tatu ina karafuu ukirudi kunusa karafuu ipo. Miaka yote anatofautisha asali za maua tofauti kwa pua, kwake hii ilikuwa kazi ile ile. Karafuu na vanila mara nyingi ni za pipa la mwaloni sio za zabibu, hilo ulijue ili usiisifie zabibu kazi ya seremala.

Harufu mbaya nazo zijue. Boksi lililoloana ni kizibo kimeharibu, hiyo hata uisubiri haiponi, omba chupa nyingine. Siki au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, bakteria wamepita humo. Yai viza kidogo usiikimbie, zungusha glasi uipe dakika kumi mara nyingi inaondoka.

Mdomoni chukua funda dogo, lisukutue taratibu lifike hadi mashavuni na kwenye ufizi, vuta na hewa kidogo kama unakunywa uji wa moto, sauti itatoka, usijali. Hapo uliza vitu vinne. Uchachu, hesabu mate, ukishatema kama mate yanajaa mdomoni basi uchachu upo, na ni kitu kizuri, bila huo waini inakuwa kama juisi iliyolala. Ukakasi, ile ya kukausha ufizi kama umetafuna bibo la korosho au umekunywa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake, hiyo inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, angalia sio tu kama upo ila ukoje, kuna ukakasi laini kama kitambaa na kuna wa msasa. Uzito, je inapita kama maji au kama maziwa ya kuchemsha yaliyotoa utando. Na moto kooni, huo ni kilevi, nyingi ziko asilimia 12 mpaka 14 na kidogo, sasa ikikuunguza kuliko namba iliyoandikwa basi haijakaa sawa. Ukishatema anza kuhesabu kimya kimya mpaka ladha iondoke. Chini ya sekunde 5 ni ya kawaida, ikivuka 15 simama uiheshimu.

Kwanini waini za juu zinasifiwa, sio ule mwonekano. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, na usiku wa baridi unasaidia zabibu kutunza uchachu wake hata kama mchana imepata jua la kuiva. Jua la juu nalo ni kali, ganda linakuwa nene, na ganda nene ndo rangi na ukakasi. Kwa hiyo kilimani tegemea rangi nzito, ukakasi wa kutosha na uchachu uliochangamka, ukikuta imelala kama juisi, uliza maswali. Argentina wamefika mbali, kuna shamba la kampuni ya waini ya Colomé linaitwa Altura Máxima liko mita 3,111. Dodoma ni kama mita 1,100 na sisi Tabora kama 1,200, yani tumewapita na hatuna hata mzabibu wa kuringia. Ila wenzetu wa Dodoma wana lao, wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukionja Makutupora, ile zabibu yao nyekundu, usiulize mwaka tu, uliza ni ya msimu gani, ya kiangazi haikunyeshewa wakati inaiva na utamu wake unakuwa umekolea zaidi.

Maksi sasa. Kuna ile ya 100 aliyoivumisha Mmarekani Robert Parker kuanzia 1978, mi siipendi, inaanzia 50, yani waini ikihudhuria tu ishapata nusu. Tunatumia 20, rangi 2, harufu 6, mdomoni 8, muda inaobaki 4. Hamna kuongea mpaka wote muwe mmeandika, mkishasoma maksi zenu ndo ugomvi uanze. Waini mbaya kwetu haivuki 9, 10 mpaka 12 unakunywa na nyama choma bila kulalamika, 13 mpaka 15 unanunua tena, 16 kwenda juu inabidi ujieleze mbele ya mzee wa asali. Bei andika pembeni, usiichanganye na maksi.

Kuhusu ile 11 yangu, kuna dada mmoja kikundini alinikosoa na alikuwa na haki, akasema chupa ilitikisika kwenye treni usiku kucha, ikapigwa na joto la behewa, halafu nikaiweka juu ya kabati chini ya bati. Kwa hiyo chupa ya pili nikailaza chini ya kitanda gizani mpaka mwezi wa saba baridi ilipofika, tukaifunga gazeti ikapewa namba mbili. Nikaipa 13. Mzee wa asali alinusa akasema "zambarau, na moshi kidogo", akairudisha mezani.