Kuchanganya Kadi za RAM katika Kompyuta ya Zamani

Kabla ya kununua kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya mtumba kwa ajili ya kompyuta yako ya mezani, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha toa kadi iliyomo na usome karatasi iliyobandikwa juu yake. Alama ya PC2 ni kizazi cha DDR2, PC3 ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Vizazi hivi havichanganyiki. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, lakini pengo la ukingoni limekatwa mahali tofauti, na DDR2 hutumia volti 1.8 ilhali DDR3 hutumia 1.5, kwa hiyo kadi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Baadhi ya mbao mama (motherboard) zenye chipu ya Intel G41 zilitengenezwa na nafasi za aina zote mbili, jambo linalowahadaa wengi, kwani hata hapo unatakiwa kutumia aina moja tu.

Ndani ya kizazi kimoja mambo ni mepesi zaidi. Ukiweka PC3-10600, yaani DDR3 ya kasi ya 1333, pamoja na PC3-12800 ya kasi ya 1600, kwa kawaida zote zitafuata ile ya 1333, kwa hiyo sioni sababu ya kuongeza pesa kwa ajili ya kasi ambayo hutaipata. Kampuni zikitofautiana si neno. Hata ukubwa unaweza kutofautiana: katika kompyuta nyingi za Intel, ukiweka GB 2 upande mmoja na GB 4 upande wa pili, GB 4 za jumla husomwa kwa njia mbili sambamba, na GB 2 zinazosalia husomwa kwa njia moja. Fuata kitabu cha ubao mama kuhusu rangi za nafasi, kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana juu ya maana yake.

Kadi za kuepuka ni zile za seva zenye herufi R mwishoni mwa namba, kama PC3-10600R. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki nazo. Kwenye kompyuta mpakato angalia pia PC3L, ambayo ni ya volti 1.35: kadi hiyo hukubali volti 1.5, lakini kadi ya 1.5 haifai kwenye mashine iliyoundwa kwa 1.35 pekee.

Kompyuta isipowaka, safisha pini kwa ufutio laini, kisha jaribu kadi mojamoja. Ikiwaka, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa hata moja likijitokeza, rudisha kadi dukani. Na ikiwa Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4, hata ukijaza nafasi zote.