SOMO: Jeli ya fibrini ya kukuzia seli, kuanzia unga wa fibrinojeni mpaka wiki ya pili

Kila wiki swali ni lile lile: "jeli yangu imegoma kuganda," au "iliganda vizuri, siku ya tatu nikakuta maji." Naandika mara moja, kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Hii ni jeli ya majaribio ya maabara. Si ya kuwekwa kwenye mwili wa mtu.

Kwanza uijue unayoishika. Fibrinojeni hutengenezwa na ini, na plazma ya mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 2 hadi 4 kwa lita. Molekuli moja ina uzito wa kilodaltoni 340 hivi na urefu wa nanomita 45. Imejengwa kwa jozi tatu za minyororo, alfa, beta na gama. Mtu akijikata, thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, hukata vipande vifupi kwenye ncha za alfa na beta, ndivyo fibrinopeptidi A na B. Vikiondoka, vifundo vilivyokuwa vimefunikwa hubaki wazi, navyo huingia kwenye vishimo vya molekuli ya jirani. Hapo jina linakuwa fibrini. Kisha faktari XIII, ikiamshwa na thrombini pamoja na kalsiamu, huzifunga nyuzi kwa vifungo imara vya kovalenti. Wavu huo huo unaozuia damu ndio njia ambayo seli za kuponya kidonda hupita, na ndiyo sababu wahandisi wa tishu wanaupenda: seli tayari zinajua kuushika na kuula.

Fibrinojeni iko tayari kuganda muda wote. Karibu kila kosa nililoona ni la kuipa sababu mapema, au kuinyima sababu wakati unaihitaji.

Hatua ya 1. Toa unga kwenye friza ya −20 °C, uache mezani nusu saa kabla ya kufungua. Chupa ya baridi hunyonya unyevu, nawe utapima maji.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya unga. Unga si protini tupu. Ndani yake mna sitrati na chumvi. Soma lebo: kiasi cha protini, na sehemu ya protini hiyo inayoganda. Mfano, protini 75% na inayoganda 90%. Ukitaka mL 10 zenye 10 mg/mL, unahitaji mg 100 zinazoganda, yaani 100 ÷ (0.75 × 0.90) = mg 148 za unga. Kichujio kitakula kidogo, kwa hiyo pima mg 180, utazimua baadaye. Anayepima mg 100 za unga na kuandika "10 mg/mL" daftarini ana 6.75.

Hatua ya 3. Kuyeyusha. Hapa ndipo wengi wanapoharibia, kwa hiyo soma polepole. Tia mL 10 za chumvi ya 0.9% kwenye bika pana, ipashe moto mpaka 37 °C. Nyunyiza unga juu ya maji kidogo kidogo, kama unavyonyunyizia chumvi mchuzi, uache uzame wenyewe. Usimwagie maji juu ya unga, kwani utapata donge lililolowa nje na kavu ndani, na donge hilo haliyeyuki hata ulisubiri siku nzima. Funika, rudisha kwenye 37 °C, na kila baada ya robo saa zungusha bika taratibu kwa mkono. Kazi huchukua saa moja mpaka mbili.

Onyo: usitikise, usitumie voteksi (mashine ya kutikisa tyubu), usitumie sumaku ya kukorogea. Fibrinojeni ikikutana na hewa kwenye povu hukunjuka na kushikana, ndipo unapoona vinyuzi vyeupe vikielea. Vinyuzi hivyo havirudi tena kuwa fibrinojeni. Vitaziba kichujio na kubeba protini yako. Onyo la pili: usiongeze moto ili kuharakisha. Kwenye 56 °C fibrinojeni hujitenga kabisa na plazma, na hiyo ni njia ya zamani ya kuiondolea. Onyo la tatu: usiyeyushe kwa midia (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu. Seramu ni kilichobaki baada ya damu kuganda, huwa na mabaki ya thrombini.

Hatua ya 4. Zungusha kwenye sentrifuji 3000 g kwa dakika 10, joto la chumbani, kisha chuja kwa kichujio cha PES cha 0.45 µm, halafu 0.22 µm. Kikiwa kigumu kusukuma, badilisha kichujio, usiongeze nguvu.

Hatua ya 5. Pima. Zimua mara 20, soma mwanga kwenye nanomita 280, toa usomaji wa 320. Suluhisho la 1 mg/mL husoma 1.51. Ukipata 0.90, una 0.90 ÷ 1.51 × 20 = 11.9 mg/mL za protini, na zinazoganda ni 10.7. Zimua ifike 10. Gawa kwenye tyubu za mL 1, weka −80 °C. Siku ya kutumia, yeyusha haraka kwenye maji ya 37 °C. Kamwe usiyeyushe polepole kwenye friji: kwa baridi fibrinojeni hushuka chini kama mashapo meupe. Benki za damu hufanya hivyo makusudi, plazma ya friza huyeyushwa kwa 1 hadi 6 °C ili kupata krayopresipiteti. Wewe huitaki.

Hatua ya 6. Thrombini: 100 U/mL kwenye chumvi ya 0.9% yenye albumini ya ng'ombe 0.1%. Albumini si pambo. Bila hiyo thrombini hung'ang'ania ukuta wa tyubu, na ukizimua unabaki na pungufu ya ulichoandika. Gawa µL 50, weka −80 °C. Ikishayeyuka, kaa nayo kwenye barafu, usiirudishe friza.

Hatua ya 7. Andaa suluhisho mbili. A: fibrinojeni 10 mg/mL, joto la chumbani. B: thrombini 2 U/mL na kalsiamu kloridi 5 mM, ndani ya chumvi ya 0.9% yenye HEPES (bafa ya kushikilia pH) 20 mM, pH 7.4, kwenye barafu. Usitengeneze B kwa PBS (bafa ya chumvi na fosfeti), kwani fosfeti na kalsiamu hushikana zikawa ukungu.

Hatua ya 8. Jaribu bila seli. µL 200 za A, µL 200 za B, subiri dakika 5, pindua tyubu. Kikimwagika, usipoteze seli zako.

Hatua ya 9. Ng'oa seli, zioshe mara mbili kwa midia isiyo na seramu, zichanganye ndani ya A, milioni 2 kwa mL.

Hatua ya 10. Kuchanganya. Una nusu dakika hivi, usiwe na simu mkononi. Tumia ujazo sawa wa A na B. Ukidondosha µL 10 za thrombini kali ndani ya mL 1 ya fibrinojeni nzito, mahali pa tone huganda kabla halijasambaa, na unapata kamasi ndani ya maji. Kwenye sahani ya vishimo 24, weka µL 200 za B kwanza, kisha A µL 200 huku ncha ya pipeti ikiwa ndani ya kimiminika. Vuta na sukuma mara mbili, tatu, bila kutoa hewa. Kishimo kimoja kwa wakati, ncha mpya kila kishimo. Hakikisha kimiminika kimegusa ukuta pande zote, la sivyo jeli itang'oka. Mwisho una fibrini 5 mg/mL, thrombini 1 U/mL, seli milioni 1 kwa mL.

Baada ya hapo usiiguse dakika 5. Jeli iliyosogezwa katikati ya kuganda hupasuka ndani, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Hatua ya 11. Inkubeta 37 °C, dakika 45, kisha midia juu taratibu. Sasa seramu ruksa.

Hatua ya 12. Kizuizi cha plasmini, kimeng'enya kinachoyeyusha fibrini, tangu siku ya kwanza: aprotinini 33 µg/mL, au asidi ya aminokaproiki 1 hadi 2 mg/mL. Kirudie kila unapobadilisha midia, kila siku mbili.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mpwani88: Mkuu jeli haigandi. Msaada.

Kiunzi (mwandishi): Umetumia fibrinojeni kiasi gani, thrombini ya lini, midia gani? Hatua ya 8 umeifanya?

Mpwani88: Nimefuata kila kitu. Bila seli inaganda. Nikiweka seli za mishipa inagoma.

Kiunzi: Basi hukufuata kila kitu, hatua ya 9 inasema osha mara mbili. Midia nyingi za seli za mishipa zina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini ikikutana na antithrombini ya kwenye seramu, thrombini yako imekufa. Osha, na midia ya mwisho kabla ya A isiwe na heparini wala seramu.

Mpwani88: Imeganda. Asante sana.

binti_maabara: Shikamoo mwalimu. Nimejaribu thrombini 0.2 U/mL na 5 U/mL. Ya kwanza imekuwa nyeupe kama tui, ya pili angavu kama kioo. Fibrinojeni ni ile ile. Kwa nini?

Kiunzi: Marahaba dada, swali zuri. Thrombini ikiwa kidogo, molekuli hukatwa chache chache. Zinajipanga kwanza katika nyuzi ndefu, halafu nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu na kunenepa. Nyuzi nene hutawanya mwanga, ndiyo weupe. Thrombini ikiwa nyingi, nyuzi huanza mahali pengi kwa pamoja, hazipati nafasi ya kunenepa, zinagawanyika matawi, unapata wavu wa nyuzi nyembamba wenye matundu madogo. Watafiti Ferry na Morrison walishaeleza aina hizi mbili mwaka 1947. Chumvi na pH nazo zina mkono: ukipandisha chumvi au pH, jeli inakuwa angavu hata kwa thrombini ile ile. Kwa hiyo andika vyote vitatu daftarini. Kwa seli zinazotakiwa kutembea na kuchipua mishipa, nenda upande wa weupe, na shusha fibrinojeni mpaka 2.5 mg/mL. Kwa jeli ya kudumu, nenda upande wa uangavu, kwa kawaida wavu mwembamba uliobana huyeyushwa polepole zaidi.

binti_maabara: Na bila kalsiamu je? Nimeisahau mara moja na bado iliganda.

Kiunzi: Ndiyo, itaganda, ila taratibu zaidi na kwa ulaini. Thrombini haihitaji kalsiamu kukata fibrinopeptidi. Inayoihitaji ni faktari XIII, ambayo mara nyingi huja pamoja na fibrinojeni ya dukani. Jaribu kuiweka jeli hiyo kwenye yurea 5 M: isiyofungwa na faktari XIII huyeyuka, iliyofungwa hubaki. Ni kipimo cha bei nafuu cha kujua kama kazi imekamilika.

Chanikiwiti: Nimeiweka A kwenye barafu ili isiharibike, imekuwa na vitu vyeupe. Lebo imedanganya?

Kiunzi: Hatua ya 5 na ya 7. A ni joto la chumbani. Lebo haina kosa.

Chanikiwiti: Sawa, ila ungeandika kwa herufi kubwa.

Kiunzi: Imeandikwa mara mbili.

SeliHai: Jeli zangu zenye fibroblasti zinanywea mpaka zinakuwa kama punje. Hiyo ni plasmini?

Kiunzi: Hapana kaka. Plasmini huacha maji, jeli haipo. Kunywea ni seli zinavuta nyuzi. Ama punguza seli, ama uipe jeli cha kushikilia. Kundi la watafiti la Eschenhagen kule Hamburg hutumia mvutano huo kwa faida: hutengeneza vipande vya misuli ya moyo kwa fibrini vikiwa vimeshikwa na nguzo mbili za silikoni, na nguzo zikipinda hujua nguvu ya mapigo.

Fundi_Friza: Nyongeza kwa wasioweza kununua aprotinini: asidi ya traneksamiki, ile ya sindano ya hospitali, inafanya kazi kwenye jeli.

Kiunzi: Kweli, na asante. Huziba mahali ambapo plasminojeni (plasmini kabla haijaamka) hushikia fibrini. Ndiyo sababu inaokoa mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Utafiti mkubwa wa 2017 uliohusisha kina mama 20,060, wakiwemo wa Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha vifo vya kutoka damu vinapungua, hasa dawa ikitolewa ndani ya saa tatu. Kwenye jeli kumbuka haizuii plasmini iliyokwisha kuamka, aprotinini ndiyo huizuia.

Tabibu_Baringo: Niko nje ya mada kidogo. Kwetu tunapima walioumwa na nyoka kwa tyubu ya kioo, dakika 20. Wiki hii tumepata watu wawili "damu haigandi" lakini hawatoki damu popote. Tyubu za kioo zilikwisha, tukatumia za plastiki.

Kiunzi: Hapo hapo, tabibu. Kipimo hicho kinauliza swali moja: fibrinojeni imebaki ya kutosha? Sumu ya nyoka wa jenasi ya Echis huamsha prothrombini (thrombini kabla haijaamka) mpaka fibrinojeni yote inaliwa. Lakini damu huanza kuganda kwa kugusa kioo, plastiki haiamshi hivyo, ndiyo maana unapata jibu la uongo. Tyubu ya kioo, mpya au safi na kavu. Iliyooshwa kwa sabuni nayo hudanganya. Weka mL 2 za damu ya mshipani, simamisha bila kugusa kwa dakika 20, inamisha mara moja tu. Fanya na tyubu ya pili yenye damu ya mtu mzima wa afya, kando yake. Hiyo ya pili isipoganda, kosa ni tyubu. Wale wawili warudie leo kwa kioo kabla ya kuamua lolote juu ya dawa ya kuzuia sumu ya nyoka.

Tabibu_Baringo: Tumeazima tyubu za kioo kituo jirani. Mmoja ameganda. Mwingine maji matupu, tyubu ya kulinganisha imeganda.

Kiunzi: Huyo wa pili ni mgonjwa kweli. Msichome sindano za msuli, mtoeni damu mkononi mnapoweza kubana, na baada ya dawa ya sumu rudieni kipimo kila saa 6. Ini linahitaji muda huo kutengeneza fibrinojeni mpya.